Maswali ya Wasomaji: Logi Ndiyo Roho ya Hifadhidata ya Meinifremu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji walio zamu kwenye meinifremu, yaani kompyuta kubwa kuu, za mabenki na kampuni za bima. Karibu zote zinahusu Db2 ya z/OS (mfumo endeshi wa meinifremu za IBM), hifadhidata ambayo IBM iliitangaza mwaka 1983 na ambayo hadi leo inabeba salio na mishahara ya watu wengi mno. Tumechagua maswali matano. Majibu mengi yanarudi pale pale kwenye logi, yaani faili ambamo hifadhidata huandika kila badiliko kabla ya kulifikisha kwenye diski ya jedwali lenyewe.

Riba imeingia mara mbili. Turudishe jedwali lote?

*Shikamooni. Niko zamu ya usiku kwenye benki moja hapa Johannesburg. Kazi ya bechi, yaani ya kuchakata rekodi nyingi kwa mkupuo, ya kuingiza riba ilianza saa 8 usiku, ikakatika katikati, ikaanzishwa upya tangu mwanzo badala ya pale ilipoishia. Tumegundua saa 11 alfajiri na muda wote ATM zilikuwa wazi. Wakubwa wanataka turudishe jedwali la salio hadi saa 8 kasoro. Ni sawa? Huduma itasimama kwa muda gani?*

Marahaba. Kabla ya kugusa chochote waulizeni wakubwa hao: miamala halali iliyoingia kati ya saa 8 na saa 11 itakwenda wapi? Amri ya RECOVER yenye TOLOGPOINT, yaani ya kurejesha jedwali hadi nukta fulani ya logi, haichagui riba peke yake, inarudisha kila kitu kilichomo. Mteja aliyetoa pesa saa 9 na nusu, salio lake litasoma kana kwamba hakutoa, na noti anazo mfukoni.

Kwa hali yenu tungeacha jedwali wazi na kusahihisha riba tu. Simamisheni kwanza kazi za bechi zinazofuata, zile zinazosoma salio kutengeneza taarifa za wateja na leja kuu, ili kosa lisisambae. Kisha pigeni nakala ya hali ilivyo sasa kwa COPY yenye SHRLEVEL CHANGE, huduma ikiendelea. Msione kwamba mnanakili uchafu. Hiyo ndiyo njia yenu ya kurudi endapo masahihisho yenyewe yatakosewa, na wakaguzi nao wataitaka.

Baada ya hapo tafuteni akaunti zilizoguswa mara mbili. Kama programu ya riba huandika rekodi kwenye jedwali la miamala, kazi ni nyepesi: panga kwa akaunti, tarehe na aina ya muamala, kisha chukua zile zenye rekodi zaidi ya moja. Msizifute. Andikeni muamala wa kinyume kwa kila moja, na mthibitishe kwa COMMIT kila baada ya rekodi 500 hivi, ili msishikilie kufuli wakati mteja yuko mbele ya ATM.

Kama programu ilibadilisha salio bila kuacha rekodi ya muamala, hapo mtahitaji salio la kabla ya saa 8. Wengi hawajui kwamba UNLOAD inaweza kusoma nakala moja kwa moja: mkiipa FROMCOPY na jina la nakala iliyopigwa kabla ya bechi, inatoa data bila kuligusa jedwali lililo hai. Ipakieni kwenye jedwali la pembeni, linganisheni. Sharti ni kuwa nakala hiyo ipo. Ndiyo sababu tunashauri kila kazi kubwa ya bechi itanguliwe na nakala, hata kama nakala ya kila siku imeshapigwa jioni.

RECOVER ina mahali pake. Kama kosa lingegunduliwa dakika kumi baadaye na hakuna mtu mwingine aliyeandika, tungewaambia mtumie BACKOUT YES, iliyopo tangu toleo la 10. Badala ya kurejesha nakala na kusoma logi kwenda mbele, inaanza na hali ya sasa na kufuta mabadiliko kwenda nyuma, kwa hiyo kosa la dakika kumi hulipiwa kwa logi ya dakika kumi. Tangu toleo la 9, miamala iliyokuwa haijathibitishwa kwenye nukta mnayorudi hufutwa yenyewe, hivyo hamlazimiki kuwa na QUIESCE (nukta tulivu iliyowekwa kwenye logi) ya wakati ule ule.

Kuhusu muda wa kusimama, jumlisheni vitu vitatu: kurejesha nakala, kusoma logi tangu nakala ile, na kujenga upya faharasa, yaani orodha za kutafutia rekodi haraka. Eneo la kuhifadhia jedwali lenye gigabaiti 240 kwenye mfumo unaosoma megabaiti 200 kwa sekunde litarejeshwa kwa sekunde 1,200, yaani dakika 20. Logi ndiyo inayoshangaza watu. Nakala ya jana hutaka logi ya siku moja, na nakala ya Jumapili iliyopita hutaka ya wiki nzima. Majedwali yote yawekeni kwenye orodha moja ya RECOVER, kwani logi itasomwa mara moja kwa wote. Mkituma kazi 40, kila moja itaisoma upya. Na kama logi za zamani ziko kwenye tepu, kazi hizo zitapanga foleni kwenye tepu moja, maana tepu haisomwi na wawili kwa wakati mmoja. Wekeni logi za angalau siku tatu kwenye diski.

Makosa mawili hurudiwa kila mara. La kwanza ni kurejesha jedwali mama na kusahau mtoto wake aliyefungwa naye kwa ufunguo wa kigeni: Db2 italiwekea jedwali la mtoto alama ya CHECK-pending (linasubiri kukaguliwa) na halitatumika hadi CHECK DATA ipite. La pili ni kusahau faharasa, nazo zitabaki REBUILD-pending, zikisubiri kujengwa upya. Jedwali limerudi lakini maswali yanayopitia faharasa hizo yanakataliwa, na simu zinalia.

Chanzo chenyewe msikiache. Inaonekana programu ya riba inathibitisha rekodi kwa mafungu, lakini haiandiki mahali ilipofika. Tengenezeni jedwali dogo la kuanzia upya lenye jina la kazi na ufunguo wa mwisho, na programu iliandike ndani ya muamala ule ule inaouthibitisha. Ikikatika, isome hapo na kuendelea. Mkiliandika nje ya muamala, siku moja vitapishana na mtarudi palepale.

Tuna diski zinazoakisiana. Nakala za nini tena?

*Makabati yetu mawili ya diski, yote yako Muscat, yanaakisiana papo hapo. Je, bado tupige nakala za Db2?*

Ndiyo. DELETE isiyo na WHERE hufika kwenye kabati la pili papo hapo vilevile. Kuakisi kunakinga dhidi ya moto na diski kufa, hakukingi dhidi ya programu mbovu. Kama nakala za kila jedwali zinawachukulia muda mrefu, tumieni BACKUP SYSTEM pamoja na FlashCopy: diski hunakiliwa ndani ya kabati, na nakala hiyo ikiunganishwa na logi mnaweza kurudi kwenye nukta yoyote baada yake. Halafu jaribuni kuirejesha kweli, kwenye mfumo wa pembeni, walau mara moja kila robo mwaka, mkiwa na saa mkononi. Muda mliouandika kwenye mpango bila kuupima haufai kupewa bodi.

Ujumbe wa DSNJ032I kila logi ikibadilika

*Dada yenu niko Minneapolis. Tangu wiki iliyopita Db2 yetu inatoa ujumbe DSNJ032I kwamba tunakaribia mwisho wa RBA. Mzee aliyekuwa anatunza mfumo amestaafu. Ni jambo la kuharakia?*

Harakia leo, dada. RBA ni namba ya baiti kwenye logi, inapanda tangu siku mfumo ulipozaliwa na hairudi nyuma. Katika muundo wa zamani ina baiti sita, kwa hiyo kikomo chake ni baiti 281,474,976,710,656, yaani terabaiti 256. Onyo huanza namba ikivuka F00000000000 (kwa hesabu ya heksadesimali), na hapo inakuwa imebaki sehemu moja ya kumi na sita: terabaiti 16. Mfumo unaoandika gigabaiti 500 za logi kwa siku utazimaliza kwa siku 32 hivi. Tazama RBA ya leo na ya jana, toa, upate kasi yenu wenyewe. Mkifika mwisho mfumo unasimama, na njia ya zamani ya kuirudisha RBA kwenye sifuri inataka kila jedwali lipitishwe upya mfumo ukiwa umefungwa. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Toleo la 11 lilileta RBA ya baiti kumi. Kuhamia kuna hatua mbili zenye uzito tofauti kabisa. Ya kwanza ni kugeuza BSDS, ile daftari ya logi, kwa programu DSNJCNVT. Inataka Db2 izimwe, lakini ni kazi ya dakika chache. Fanyeni nakala ya BSDS zote mbili kwanza. Ya pili ni kugeuza kila eneo na kila faharasa kwa REORG (amri ya kupanga data upya) yenye RBALRSN_CONVERSION EXTENDED, na hii hufanyika huduma ikiwa wazi kwa SHRLEVEL CHANGE. Msidhani hatua ya kwanza inatosha. Eneo lililobaki na muundo wa zamani halitaandikika RBA ikishavuka kikomo cha baiti sita. Anzeni na katalogi na direktori (majedwali ya Db2 yenyewe), kisha majedwali yanayoandikwa sana. Safu ya RBA_FORMAT kwenye SYSTABLEPART na SYSINDEXPART inaonyesha kilichobaki: B ni muundo wa zamani, E ni mpya.

REORG ya namna hii hunakili data pembeni, inasoma logi ili kufuata mabadiliko yanayoendelea, kisha mwishoni inabadilisha faili za zamani na mpya. Wakati huo wa mwisho ndipo inapowahitaji wote wanaolishika jedwali waachie kwa sekunde kadhaa. Mtu mmoja aliyefungua muamala saa 4 na kwenda kula bila kuthibitisha anatosha kuiangusha. Ipeni REORG majaribio kadhaa kwa RETRY na RETRY_DELAY, na mtumie DISPLAY DATABASE yenye CLAIMERS kumjua anayeshika. Na kwa kuwa mnapitisha kila eneo, unganisheni humo mabadiliko mengine: eneo la mtindo wa zamani lenye jedwali moja hugeuzwa kuwa la kisasa kwa ALTER yenye MAXPARTITIONS, na REORG hiyo hiyo inalikamilisha. Safari moja, kazi mbili. Piga hesabu kabla, kwani REORG yenye mabadiliko yaliyosubiri hubana uwezo wa kurudi kwenye nukta ya kabla yake. Nakala ya kando kwa DSN1COPY ni akiba nzuri.

Walio kwenye kundi la Db2 zinazoshirikiana data hutumia LRSN, namba ya mpangilio wa logi inayofuata saa ya mashine. Kwa baiti sita kikomo chake ni tarehe 17 Septemba 2042. Inaonekana mbali, lakini kazi ni ile ile.

Tunahamia PostgreSQL, pesa zimeharibika njiani

*Habari za kazi. Kampuni yetu ya bima hapa Toronto inahamisha faili za VSAM (mfumo wa faili wa meinifremu) na majedwali ya Db2 kwenda PostgreSQL, hifadhidata huria, juu ya Linux. Kwenye jaribio la kwanza majina yamefika vizuri ila kiasi cha pesa kimevurugika, na upakiaji unakatika kwa kosa la baiti 0x00. Siku ya kuhama tumeruhusiwa kusimamisha huduma dakika 30 tu.*

Mmesafirisha faili kwa FTP katika hali ya maandishi. Angalieni baiti moja moja mtaliona. Uga wa COBOL (lugha ya programu za meinifremu) uliotangazwa PIC S9(7)V99 COMP-3 wenye thamani ya hasi 1,234.56 hukaa kwenye baiti tano: 00 01 23 45 6D. Kila nusu ya baiti ni tarakimu, na nusu ya mwisho ni alama: C chanya, D hasi, F bila alama. Katika hali ya maandishi kila baiti hugeuzwa kana kwamba ni herufi. 6D katika EBCDIC, misimbo ya herufi ya meinifremu, ni mstari wa chini, ambao katika ASCII ya kompyuta nyingine ni 5F. Tarakimu 6 imekuwa 5, na D ya hasi imekuwa F: aliyekuwa anadaiwa sasa anadai. Baiti 45, kwa misimbo ya ukurasa 037, ni herufi á, na katika Latin-1 inafika ikiwa E1. E si tarakimu, kwa hiyo nambari nzima haisomeki tena, na hakuna namna ya kuirudisha kwa uhakika upande wa pili.

Safirisheni katika hali ya baiti ghafi, kisha mgeuze uga kwa uga kwa kufuata kopibuku ya COBOL, yaani faili la maelezo ya muundo wa rekodi. Faili za rekodi zenye urefu tofauti lazima zije na baiti nne za urefu mwanzoni mwa kila rekodi, vinginevyo hamtajua rekodi inaishia wapi. Penye REDEFINES, baiti zile zile zina maana mbili au tatu. Tafuteni msimbo wa aina ya rekodi unaoamua ipi, na kama haumo kwenye kopibuku, umo ndani ya programu.

Kosa la 0x00 ni LOW-VALUES. COBOL huujaza uga kwa sifuri tupu, na PostgreSQL haikubali baiti hiyo ndani ya maandishi. Msizigeuze zote kuwa nafasi kwa amri moja. Mara nyingi programu hutofautisha LOW-VALUES, kwa maana ya uga ambao haujawahi kujazwa, na nafasi tupu, kwa maana ya uga uliojazwa ukaachwa wazi. Ya kwanza iwe NULL, ya pili ibaki maandishi matupu.

Mpangilio wa herufi nao hubadilika. Katika EBCDIC herufi ndogo hutangulia kubwa, na tarakimu huja mwisho. Katika ASCII tarakimu ndizo za kwanza. Programu inayosoma faili mbili zilizopangwa na kuzilinganisha rekodi kwa rekodi itaruka rekodi bila kutoa kosa lolote. Na kama mna ufunguo wa TIMESTAMP wenye tarakimu 12 za sekunde, PostgreSQL huishia 6: funguo mbili tofauti zitakuwa moja. (Majina yenye ving'ong'o kama Ng'ang'a yajaribuni pia. Mtu anayeunganisha SQL kwa mkono atakatika kwenye kila mkato wa juu.)

Sasa dakika 30. Huwezi kuhamisha data yote kwa muda huo, na huna haja. Washeni DATA CAPTURE CHANGES kwenye kila jedwali, ili logi ibebe rekodi nzima ya kabla ya badiliko na si baiti zilizobadilika tu. Andikeni nukta ya logi. Ndipo mtoe data, huduma ikiwa wazi, hata kama itachukua siku mbili. Kisha mwendelee kupeleka mabadiliko tangu nukta ile. Mengine yatakuwa tayari yamo kwenye data mliyoitoa, kwa hiyo mpelekaji (programu inayopeleka mabadiliko) akikuta rekodi ipo aisasishe badala ya kuanguka.

Mitego iko kwa wanaopita nje ya logi. LOAD yenye LOG NO haionekani kwa mpelekaji. VSAM inayoandikwa na bechi nje ya CICS (msimamizi wa miamala ya papo hapo) kwa kawaida haina logi kabisa. Orodhesheni kazi zote za aina hiyo kabla ya kuanza. Kila moja ama ibadilishwe, ama faili yake ilinganishwe yote usiku. Pimeni pia kasi: mpelekaji anayeweka rekodi 3,000 kwa sekunde, mbele ya bechi inayozalisha 9,000 kwa saa nzima, ataachwa nyuma rekodi milioni 21.6 na atahitaji saa mbili zaidi kuzimaliza. Msihame mara tu baada ya bechi.

Siku yenyewe, fungeni miamala kwenye CICS na mwache maombi yapange foleni kwenye MQ, programu ya foleni za ujumbe. Baada ya dakika tano hivi walio njiani wamemaliza. Ingizeni rekodi moja ya alama kwenye jedwali dogo la Db2 na muisubiri itokee PostgreSQL. Ikitokea, kila kilichoandikwa kabla yake kimefika. Linganisheni idadi na jumla za pesa kwa kila kipande cha funguo, zile zilizobadilika tangu ulinganisho wa jana tu. Dakika ya 20 ndiyo ya uamuzi: jumla zikitofautiana hata senti moja, fungueni upande wa zamani. Zikilingana, sogezeni namba za mfuatano mbele ya kubwa iliyopo, endesheni miamala michache ya majaribio, fungueni.

Mwacheni mpelekaji wa kinyume, kutoka PostgreSQL kurudi Db2, aendelee kwa wiki kadhaa. Kila badiliko libebe alama ya lilikozaliwa, lisizunguke. Na mlinde sloti ya replikesheni, ile alama inayomshikia mpelekaji logi asiyoisoma bado: mpelekaji akifa na sloti ikabaki, PostgreSQL haitupi logi yake hata faili moja hadi diski ijae. Wekeni kikomo kwa max_slot_wal_keep_size, iliyopo tangu toleo la 13.

Wote kwa wikiendi moja?

*Mkurugenzi wetu anasema tukishajaribu data mara tatu, tuhamishe wateja wote wikiendi moja. Kuna ubaya?*

Mwonyesheni TSB ya Uingereza. Aprili 2018 benki hiyo, yenye wateja milioni 5.2, ilihamia mfumo mpya kwa mkupuo. Data ilifika salama. Kilichoanguka ni mfumo uliopokea, ulipokutana na wateja wa kweli, na hali haikurejea ya kawaida hadi Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Kwa hiyo kujaribu data mara tatu hakujibu swali la pili, nalo ni mzigo.

Hamisheni kwanza maswali ya kusoma tu, kama salio na taarifa, yaelekezwe upande mpya huku uandishi wa data ukibaki Db2. Wiki mbili hizo mtaona mzigo wa mwisho wa mwezi bila kuhatarisha pesa ya mtu. Kisha bidhaa moja ndogo, wafanyakazi wenyewe wakiwa wateja wa kwanza. Na kama mna vituo viwili vya data, mzigo ujaribiwe kwenye vyote viwili.